Kijibwa cha Shamba Nacho Kina Haki ya Tumbo Lake

Sisi watu wa pwani tuna adabu zetu na mbwa. Tukimwona anatujia mbele nasi tumevaa kanzu safi ya kwendea msikitini, tunakunja upindo na kuvuka upande wa pili wa njia. Si chuki hiyo, ni kuchunga tohara, na kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu anaelewa bila ya kuelezwa. Lakini toka mjini uingie mashambani, uende Kikambala na Takaungu, au uvuke Likoni ushike njia ya Msambweni mpaka Vanga, utaona jambo jingine. Shamba lenye minazi, mihogo na mbuzi wachache ni nadra kulikuta halina mbwa. Mchana kuna tumbili na nyani, usiku kuna nguruwe mwitu wachimbuao mihogo, na baina ya mchana na usiku kuna binadamu mwenzetu apandaye mnazi usio wake. Mlinzi mmoja na rungu lake hawezi kuwa pembe zote nne za shamba kwa wakati mmoja. Ndipo mtu anapokwenda kutafuta kijibwa.

Na hapo ndipo shida inapoanzia, ndugu msomaji, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Vijibwa hivi hufa. Huletwa shambani Jumapili ndani ya kikapu, kinene, chenye macho maangavu, na ikifika Jumapili ya tatu kimekwisha fukiwa chini ya mkorosho. Mwenye shamba husema hakikuwa na riziki, na mlinzi husema kimepigwa jicho. Nimekaa na mbwa wa shamba kwa miaka mingi, na nimeyatazama mengi ya mashamba ya jirani zangu. Naamini kwamba vingi katika vifo hivyo havikuhitaji jicho la mtu. Vilitokana na sahani: kijibwa kilipewa chakula kisichokifaa, au kilipewa kinachofaa lakini kwa ghafla mno, na hali tumbo lake ni changa kama la mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

RUHUSA NA WAJIBU

Kabla ya kuingia jikoni, natuweke sawa jambo la dini, kwani najua litakuwa la kwanza katika fikira za wasomaji wengi. Mafunzo ya hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, yanajulikana: mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa, na afugaye mbwa kwa upuuzi hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu pwani, mate na jasho la mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo.

Haya tunayashika vizuri. Tunalolisahau ni la upande wa pili. Ruhusa ya kufuga imekuja na wajibu wa kulisha. Wanazuoni wa fikihi wameandika kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha, na akishindwa amuuze au amtoe kwa atakayeweza. Tumesomeshwa tangu chuoni kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, wala hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tumesomeshwa pia kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akampa mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Basi mbwa tuliyemfunga mnyororo chini ya mwembe hawezi kwenda kujitafutia. Riziki yake imepitishwa mikononi mwetu, na mikono hiyo itaulizwa.

Wala tohara haizuii kumlisha vizuri. Mbwa awe na chombo chake, sufuria kuukuu au bakuli la bati, na upawa wake wa kumpakulia, na vyote vikae nje mbali na jiko la nyumba. Ukitaka kumpapasa mbavu ujue kama amekonda, mpapase akiwa mkavu nawe mkono wako mkavu, kwani kikavu kwa kikavu hakinajisi. Mambo haya ni mepesi kwa aliyeyapanga tangu siku ya kwanza, na ni mazito kwa aliyeyaacha mpaka mbwa akalamba sufuria ya wali.

SWALI LA KUMUULIZA MWENYE MBWA

Mtu akienda kuchukua kijibwa hutazama rangi, masikio na ukubwa wa miguu. Hayo sawa. Lakini mambo mawili ya lazima kuuliza ni haya: kina umri gani, na kimekuwa kikila nini?

Kijibwa huanza kuonja chakula kigumu kinapopata wiki 3 au 4, na hunyonya kikipunguza mpaka wiki ya 6 au ya 8. Kisitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Anayekupa cha wiki 5 kwa kuwa amechoka na makelele ya nyumba anakupa mzigo ambao huenda ukakushinda, kwa sababu tumbo na kinga ya mwili wake havijawa tayari.

Kuhusu chakula, usitosheke na jibu la "hula kila kitu." Uliza hasa. Ni ugali wa maziwa? Ni chembe kavu za dukani? Ni vichwa vya samaki? Kisha omba akufungie cha siku tatu nne, au ununue kama hicho hicho njiani unaporudi. Hata kama chakula hicho ni duni, nacho ndicho ambacho tumbo la kijibwa linakijua. Ndani ya utumbo wa kila mnyama mna vijidudu visivyohesabika visaidiavyo kusaga chakula, na vijidudu hivyo hujizoesha kwa kile kinachokuja kila siku. Ukibadilisha chakula usiku mmoja, vinakuwa kama mafundi walioletewa kazi wasiyoijua. Chakula hupita bila ya kusagwa, na kijibwa huanza kuharisha. Mbwa mzima aweza kustahimili siku mbili za namna hiyo. Kijibwa cha kilo 3 hukaukiwa maji upesi sana, hasa katika joto letu la kaskazi.

CHAKULA GANI KINAFAA?

Kijibwa si mbwa mdogo tu. Kwa kila kilo ya mwili wake kinahitaji karibu mara mbili ya nguvu anazohitaji mbwa mzima, maana kinajenga mifupa, nyama, meno na manyoya kwa wakati mmoja. Huko Marekani, chama cha maofisa wasimamiao vyakula vya wanyama, AAFCO, kimeweka kiwango cha chini cha protini kuwa asilimia 22.5 ya chakula kikavu kwa mbwa anayekua, na asilimia 18 kwa mbwa mzima. Sasa chukua ugali mtupu uuweke kwenye mizani hiyo. Mahindi yana protini kiasi cha asilimia 8 au 9 tu. Kijibwa kilishwacho ugali mtupu hushiba, tumbo likatuna, na huku ndani kina njaa.

Mwenye uwezo wa kununua chakula cha dukani na achague kile kilichoandikwa kwamba ni cha vijibwa, au kwamba ni kamili kwa mbwa anayekua. Asome orodha ya vilivyomo. Vitu hivyo hupangwa kwa uzito, na kitangulia ndicho kingi kuliko vyote. Ikiwa orodha yaanza na nafaka tatu kabla ya kutaja samaki, kuku au ng'ombe, ajue ananunua ugali wa bei ghali. Jambo jingine linalotuhusu sisi hasa ni lile neno la jumla la "mazao ya nyama" lisilotaja mnyama. Katika vyakula vitokavyo ng'ambo, chini ya neno hilo mwaweza kuwamo nguruwe. Mbwa hana sharti la halali, lakini anayenunua, anayebeba na anayepakua ni Mwislamu. Ni bora kuchukua pakiti iliyotaja wazi kuku, ng'ombe au samaki, na mwenye wasiwasi zaidi amwulize shehe wake. Hali kadhalika atazame tarehe ya mwisho, na akisha kulifungua gunia alihifadhi ndani ya pipa lenye mfuniko, kwa sababu unyevu wa hewa yetu huleta ukungu upesi.

Na asiyeweza kununua je? Asikate tamaa, kwani pwani yetu ina baraka. Dagaa wakavu, wale wadogo waliwao na mifupa yao, ni chakula kikubwa kwa kijibwa. Wana protini nyingi, na katika vifupa vyao mna kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa ya kujengea mifupa. Waoshe watoke mchanga na chumvi, waloweke, uwachemshe, kisha uwaponde. Mimi huchukua fungu moja la dagaa waliokwisha lowana, fungu moja la wali au ugali laini, na nusu fungu la mchicha au boga lililochemshwa, nikaongeza kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Mara mbili tatu kwa wiki huweka yai lililochemshwa, au ini kidogo lililoiva. Chumvi sitii, pilipili sitii, wala kiungo chochote.

Lakini nisiwadanganye wasomaji wangu. Chakula cha nyumbani peke yake ni vigumu kukamilika kwa mnyama anayekua. Anayelisha nyama tupu bila ya mifupa iliyosagika humpa mbwa fosforasi nyingi na kalsiamu chache, na mifupa ya kijibwa huwa laini na miguu ikapinda. Wapo nao waliosikia habari ya kalsiamu wakanunua dawa ya unga na kuitia kwa kijiko kila siku. Nayo ikizidi hudhuru mifupa, hasa ya mbwa wa makabila makubwa. Ikiwezekana, nusu iwe chakula cha dukani cha vijibwa na nusu iwe cha nyumbani, na daktari wa mifugo aulizwe siku ile ile kijibwa kinapopelekwa chanjo. Swali halina ada.

Ama vipindi vya kula, kuanzia wiki ya 8 mpaka mwezi wa 3 kilishwe mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Mwezi wa 3 mpaka wa 6 mara 3. Baada ya hapo mara 2 zatosha. Wekea chakula kwa robo saa, kisha ondoa kilichobaki, maana samaki aliyepikwa haanzi kuchacha kesho katika joto la Mombasa, huanza leo. Maji safi yawepo saa zote.

MABAKI YA PILAU NA MENGINEYO

Sasa nije kwenye mkono wa ukarimu, ambao ndio huua zaidi kuliko mkono wa ubahili. Tumefanya harusi, au ni siku ya Idi, sinia la pilau limebaki nusu, na mtu mwenye huruma asema, mpelekeeni yule kijibwa naye afurahi. Hebu tulifungue sinia hilo. Mna vitunguu maji na vitunguu saumu, navyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, vikipikwa au visipikwe. Mna zabibu, na zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuziua figo za mbwa hata zikiwa chache. Mna mafuta mengi ambayo tumbo dogo haliyawezi. Na mna mifupa ya kuku iliyoiva, ambayo ikitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha kama sindano, vikachoma koo na utumbo. Sinia la heri kwetu ni sinia la shari kwake. Hata chokoleti wanayoipenda watoto ni sumu kwa mbwa, na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli ni sumu kali zaidi.

Maziwa ya ng'ombe nayo yana sifa yasiyoistahili. Vijibwa vingi vikishaachishwa ziwa haviwezi kuyasaga yakiwa mengi, na huharisha. Kama kilizoeshwa ugali wa maziwa huko kilikotoka, yapunguze siku baada ya siku, usiyakate ghafla.

La tatu ni matumbo ya Idi ya kuchinja. Tunapochinja, mapafu au ini lenye vivimbe vya maji hutupwa pembeni, na mbwa huwa tayari pale pale. Vivimbe hivyo ni makao ya mnyoo wa hidatidi. Mbwa akivila vibichi, mnyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi yakaenda kwenye mchanga, majani na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, huota vivimbe vya namna hiyo hiyo ndani ya ini au mapafu yake mwenyewe, na mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa. Turkana, kaskazini ya nchi yetu, ilijulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali palipoathiriwa mno duniani na ugonjwa huu. Basi kilicho kibovu kifukiwe shimo refu, na utumbo mzuri uchemshwe mpaka uive ndipo apewe mbwa.

La nne ni unga ulioharibika. Yapo mazoea mabaya ya kusema, mahindi haya yameota kuvu, hayatufai sisi, mpe mbwa. Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini haiondoki kwa kuchemsha, na mbwa ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi mno, kwani hushambulia ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliingia katika mahindi ya wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, na katika watu 317 waliougua, 125 walikufa. Ikiwa ndivyo ilivyomfanyia binadamu mwenye kilo 60, itakifanyia nini kijibwa cha kilo 3? Unga usiokufaa wewe kwa kuoza haumfai na mbwa wako.

SIKU KUMI ZA KUBADILISHA

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kijibwa mimi naomba muda zaidi kidogo. Siku tatu za kwanza usibadilishe chochote. Kimeondolewa kwa mama yake, kimepakiwa matatu, kimefika mahali penye harufu nyingine na sauti nyingine. Hofu peke yake yatosha kulichafua tumbo. Kipe chakula kile kile ulichofungiwa.

Siku ya nne anza. Gawa mlo wa kijibwa mafungu manne. Kwa siku 3, mafungu matatu yawe ya chakula cha zamani na moja la chakula kipya, vikichanganywa vizuri. Kwa siku 3 zinazofuata, mawili kwa mawili. Kwa siku 3 nyingine, moja la zamani na matatu mapya. Siku ya 10 kijibwa kinakula chakula kipya kitupu. Kijiko cha kupimia kiwe kile kile, na apimaye awe mtu mmoja, la sivyo mwenye shamba atapima asubuhi na mlinzi atamimina jioni.

Tazama kinyesi kila siku. Najua si jambo la kupendeza kuliandika gazetini, lakini hakuna barua nyingine ambayo kijibwa chaweza kukuandikia. Kikiwa kigumu kiasi, endelea. Kikilainika, rudi kwenye hatua ya nyuma yake ukae hapo siku mbili, kisha uendelee tena. Hakuna anayekukimbiza. Kijibwa changu cha mwisho, Popi, nilikichukua bara karibu na Mariakani, kilikuwa kikila ugali na maziwa tu. Siku ya tano ya kubadilisha kililainika. Nikarudi hatua moja, nikakaa siku mbili, nikaendelea. Badala ya siku 10 zilichukua 13. Leo Popi ni mbwa mzima, na tumbili wa shamba langu wanamjua kwa jina.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, alinikuta nikipima kwa kijiko akaweka bakora yake chini akacheka.

"Bwana wee, wampimia mbwa chakula kama wampimia mgonjwa! Mbwa wetu sisi walikula walichokiona, wakaishi."

"Mzee wangu," nikamwambia, "waliishi waliobaki. Je, waliokufa uliwahesabu?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hata. Tulikuwa tukichukua wengine."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokaa moyoni mwangu. Tulikuwa tukichukua wengine. Kijibwa kilikuwa hakina thamani kwa kuwa hakikununuliwa, na chini ya mkorosho palikuwa na nafasi. Mzee yule si mtu mwovu, na mbuzi wake wote ni wanono. Ila hajapata kuambiwa kwamba mambo haya mawili yana kipimo kimoja.

TUMBO LINAPOCHAFUKA KWELI

Pamoja na hayo yote, si kila kuharisha ni kwa chakula, na hapa ndipo mtu awe macho. Kama kijibwa kimelainika tumbo lakini kinacheza na kinataka kula, fanya nilivyoeleza. Lakini kikiharisha damu, kikitapika, kikilala bila ya kutaka kuinuka, au kikikataa chakula kutwa nzima, usingoje kesho wala usikifungie njaa ukidhani unalipumzisha tumbo. Mpelekee daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kuna ugonjwa wa virusi uitwao parvo, uliojitokeza duniani mwaka 1978, nao huua vijibwa kwa siku chache. Chanjo yake ipo. Huanza kijibwa kikiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo palipokufa kijibwa cha kwanza kwa kuharisha damu, usilete cha pili mwezi ujao ukadhani ni bahati mpya.

Minyoo nayo hudanganya macho. Tumbo lililotuna kama ngoma huku mgongo una mifupa si unono, ni minyoo. Vijibwa vingi huzaliwa nayo au huinyonya katika maziwa ya mama. Vipewe dawa tangu wiki ya 2, kila baada ya wiki 2 mpaka vitimize wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Chakula chema juu ya tumbo la minyoo ni kuwapikia wageni ambao hukuwaalika. Aidha, minyoo hiyo humwingia mtoto wa binadamu achezaye mchangani, basi dawa ya kijibwa ni dawa ya nyumba nzima. Na kikitimiza miezi 3 kichanjwe kichaa cha mbwa, kisha kichanjwe kila mwaka, maana huo ni ugonjwa ambao ukisha kumdhihirikia mtu haponi.

MNAYEMWACHIA SHAMBA

Huenda mtu akasema, mwandishi huyu hana la kuandika ila mbwa? Jawabu langu ni kwamba mlinzi huyu hatumlipi mshahara, hadai likizo, wala hajui Idi wala mwaka mpya. Twalala majumbani mwetu Kibokoni na Majengo na yeye yuko macho kwa ajili ya nazi zetu na mbuzi wetu. Anachotudai ni bakuli lake, na bakuli hilo si la dhahabu. Ni dagaa waliooshwa, wali, mchicha, maji safi, na subira ya siku kumi za mwanzo.

Basi wewe uliyepanga kuchukua kijibwa mwezi huu, kabla ya kutafuta mnyororo tafuta bakuli. Uliza umri wake, uliza alichokuwa akila, ufungiwe cha siku tatu. Mweleze mlinzi wako mpango wote kwa mdomo, na umwandikie siku na mafungu kwenye kipande cha karatasi akibandike mlangoni mwa kibanda, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa na kijiko mkononi wewe ukiwa mjini. Na siku ya harusi au ya Idi, sinia la pilau likibaki, lipelekeni kwa jirani. Kijibwa kipewe chake.